Gari la umeme likikataa chaji nyumbani wakati wa baridi ya Lubumbashi: pima ardhi na volteji kabla ya kulaumu betri

Gari lilichaji vizuri msimu wote wa mvua. Mwezi wa sita umeingia, baridi imeshuka, na sasa kisanduku cha chaji kinawaka taa nyekundu, au chaji inakatika katikati ya usiku, au gari linalala kwenye waya mpaka asubuhi na asilimia zimepanda kidogo tu. Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba baridi imeua betri. Jibu hilo linaniuma, kwa sababu linamtuma mtu akatafute betri nyingine ya pesa nyingi wakati kosa liko kwenye chuma kilichopigiliwa nyuma ya nyumba yake.

Tuiweke baridi mahali pake. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba joto hushuka hadi nyuzi 6 au 7 hivi, na mchana hupanda tena hadi karibu 25. Betri ya lithiamu huumia ikichajiwa chini ya nyuzi 0, maana lithiamu hushindwa kupenya ndani ya grafiti na kuanza kujipaka juu yake kama chuma. Hilo ni tatizo la Norway. Kwa nyuzi 7, chaji ya nyumbani ya ampea 10 hupungua kasi kidogo, basi.

Kinachokata chaji hapa ni mambo yanayokuja pamoja na baridi: udongo umekauka, mtaa mzima umewasha majiko ya umeme jioni, na vumbi jekundu limeingia kila tundu. Mwongozo huu unafuata mambo hayo. Nimemfikiria zaidi mtu mwenye gari lililotumika Japani, kama Nissan Leaf, lililoingia nchini kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ambaye anachajia kwenye prizi (soketi) ya ukutani au kisanduku kidogo kilichofungwa kwenye karakana.

Kwanza: tenga nyumba na gari

Chaja halisi ya gari, ile inayogeuza umeme wa nyumbani uingie kwenye betri, iko ndani ya gari lenyewe. Kisanduku cha ukutani, au kile kilicho katikati ya kebo, ni mlinzi tu. Kinapima usalama, kinaliambia gari liruhusiwe ampea ngapi, kisha kinafunga swichi yake ya ndani. Ukiwa karibu utasikia "tak". Ukijua hivyo, uchunguzi unakuwa mfupi.

Chomoa bunduki ya chaji, yaani kichwa cha kebo kinachoingia kwenye gari, na uitundike. Acha kisanduku kikiwa kwenye prizi peke yake. Subiri dakika moja, angalia taa.

Ikiwa kinalalamika kabla ya kuguswa na gari, kosa liko upande wa nyumba au kwenye kisanduku chenyewe. Usipeleke gari gereji. Ikiwa kimetulia na taa ya kijani, halafu kinalalamika mara tu unapochomeka bunduki, angalia bunduki na gari. Na ikiwa kinaanza kuchaji vizuri kisha kinakatika baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa, tafuta volteji inayoshuka na viungo vinavyochemka.

Hesabu taa inamweka mara ngapi, piga picha au video fupi, kisha soma kijitabu cha kisanduku chako. Kila mtengenezaji ana lugha yake ya kumweka, kwa hiyo usikubali maelezo ya jirani mwenye kisanduku cha aina nyingine.

Pili: ardhi

Hapa ndipo nitakaa kwa muda, kwa sababu kosa hili ni la msimu na watu wachache hulifikiria.

Kisanduku kizuri hakikubali kupitisha umeme mpaka kihakikishe kwamba waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, unafika kweli udongoni. Gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Umeme ukivuja kwenye bodi yake na hakuna ardhi, wa kwanza kugusa mlango ndiye atakayekuwa njia ya kwenda chini. Visanduku vingi hupima kwanza na kukataa. Magari mengine nayo ni makali. Renault ZOE inajulikana kwa kukataa chaji kwenye nyumba zenye ardhi mbovu.

Sasa, udongo hupitisha umeme kwa sababu ya unyevu uliomo pamoja na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Ukikauka, ukinzani wake hupanda mara nyingi. Mvua za Lubumbashi huisha karibu na mwezi wa nne, kwa hiyo kufikia mwezi wa saba tabaka la juu la udongo ni unga mtupu. Fimbo ya ardhi ya mita moja iliyotosha mwezi wa pili, sasa imesimama ndani ya unga huo. Nyumba haionyeshi dalili yoyote, kwa kuwa taa, friji na televisheni haziulizi ardhi. Kisanduku cha gari ndicho pekee kinachouliza.

Fanya jaribio hili. Zima disjonkteri kuu, yaani swichi inayokata umeme wa nyumba nzima. Tafuta fimbo ya ardhi ilipo. Kama hujui, fuata waya wa kijani na njano kutoka kwenye ubao wa umeme. Angalia kwanza kama waya bado upo, kwa sababu shaba huibwa, na mwizi akikata kipande cha nje hakuna kitu ndani ya nyumba kitakachokuonya. Angalia pia kibano kinachoshika waya kwenye fimbo. Kama kimeota kutu, kifungue, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, ukikaze upya. Kisha chimba kishimo kidogo kuzunguka fimbo, mimina ndoo mbili au tatu za maji polepole, subiri kama saa moja, ukauke mikono na viatu, rudisha umeme na ujaribu kisanduku.

Taa ikirudi kijani, umepata jibu: ni ardhi. Hayo maji ni kipimo tu, baada ya siku chache yatakuwa yamekwisha na utarudi ulipokuwa.

Matengenezo ya kudumu ni kwenda chini zaidi. Fimbo moja ya mita 2 au zaidi inayofika kwenye udongo wenye unyevu mwaka mzima ni bora kuliko fimbo fupi mbili. Fundi akigonga mwamba au udongo mgumu, azipige fimbo mbili au tatu, kila moja mbali na mwenzake angalau kwa urefu wa fimbo yenyewe, aziunganishe kwa waya mnene wa shaba chini ya udongo. Chagua mahali penye unyevu wa kawaida: yanakotiririkia maji ya kuogea, chini ya mwembe, karibu na bomba la bustani. Mafundi wengine humwaga chumvi. Inafanya kazi kwa muda, kisha mvua ya mwezi wa kumi na moja inaiosha, na fimbo inabaki imeliwa. Mimi naona udongo wa mfinyanzi uliolowekwa ni bora, kwa kuwa unashika maji bila kula chuma.

Mwambie fundi apime kwa kipima-ardhi, siyo kwa multimeta. Multimeta inaweza kukuonyesha volti 220 kati ya waya wa moto na ardhi hata kama ardhi ni mbovu kabisa, kwa sababu yenyewe inahitaji mkondo mdogo sana kusoma. Kwa kulinganisha, Ubelgiji hutaka nyumba iwe chini ya omu 30, na Ufaransa hukubali hadi 100. Ukipata 30 mwishoni mwa kipwa, yaani kiangazi, hutakuwa na shida mwaka mzima. Na upime kipindi hichohicho: kipimo cha mwezi wa pili kitakudanganya.

Jambo moja nakuomba ulikatae hata kama fundi ni rafiki yako. Wapo wanaomaliza tatizo kwa kuunganisha waya wa ardhi na nyutro, ule waya unaorudisha umeme kwenye laini, ndani ya prizi. Kisanduku kinadanganyika, kinachaji, mteja analipa. Siku nyutro ikikatika nje kwenye nguzo, au ikibadilishana na waya wa moto, bodi nzima ya gari inakuwa na volti 220. Mtoto anayeegemea gari hilo asubuhi hana ulinzi wowote. Ukikuta prizi imefungwa hivyo, ifungue leo.

Kama unatumia jenereta au inveta ya sola wakati umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, umekatwa, kisanduku kinaweza kukataa hata kama ardhi yako ni safi. Nyingi za mashine hizo hutoa umeme ambao nyutro yake haijaunganishwa popote na ardhi, na kisanduku kinasoma hivyo kama kosa. Muunganisho huo hufanywa kwenye mashine yenyewe, mahali pamoja tu, na mtu anayejua ile mashine. Haufanywi kwenye prizi.

Nina neno kwa wasomaji wa Goma. Kwenu shida ni ya mwaka mzima, maana mtaa uliojengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 hauruhusu fimbo kuingia. Huko hutumika waya mrefu wa shaba uliolazwa kwenye mfereji uliojazwa udongo wa kuletwa, kuzunguka nyumba. Bukavu udongo ni mzito na una unyevu, kwa hiyo anzeni na hatua ya umande iliyo hapa chini.

Tatu: volteji ya jioni

Baridi ikishika, watu hupasha maji ya kuoga kwa umeme na kuwasha resho (jiko dogo la umeme) ndani ya nyumba, hasa pale ambapo makala ya mbabula, yaani mkaa wa jiko, imepanda bei. Kabini ya mtaa, yenye transfoma, inabeba mzigo huo wote kwa wakati mmoja. Volteji ambayo mchana ilikuwa 220 inaweza kushuka sana saa moja hadi saa nne za usiku, na hapo ndipo wewe umefika nyumbani na kuchomeka gari.

Chukua multimeta, iweke kwenye volti za umeme wa nyumbani, na usome kwenye prizi ileile mara tatu: mchana, saa mbili za usiku, na saa tisa za usiku. Kila mara soma kabla ya kuchaji na tena gari likiwa linachaji. Andika.

Kama usomaji wa jioni ni 175 kabla hujachomeka chochote, tatizo ni la mtaa. Fundi wako hawezi kulitatua ndani ya nyumba. Peleka taarifa SNEL pamoja na majirani, wakati huo uhamishe saa za kuchaji. Lakini kama ni 218 kabla na inashuka hadi 203 ukichaji kwa ampea 10, jua kwamba volti 15 zinapotea kati ya nguzo na prizi yako. Volti 15 mara ampea 10 ni wati 150 za joto, na joto hilo liko mahali fulani: kwenye waya mwembamba, kwenye skrubu iliyolegea, kwenye kiungo kilichozungushwa kwa mkono na kufunikwa kwa tepu. Lazima lipatikane.

Volteji ikiwa chini, chaji inakuwa polepole hata pasipo kosa. Ampea 10 kwa volti 220 ni wati 2,200. Kwa volti 175 ni 1,750. Gari lenyewe linatumia sehemu ya umeme huo kuendesha kompyuta na chaja yake. Ndiyo maana mtu anaamka akikuta asilimia chache na kudhani betri imechoka. Leaf ya kwanza yenye betri ya kilowati-saa 24 huhitaji saa 12 hivi kujaa kutoka chini kwa ampea 10 za volteji kamili. Usiku wa volteji mbovu uliokatwa na delestaje (mgao wa umeme) mara mbili hauwezi kutoa saa hizo.

La kufanya: chaji baada ya saa sita za usiku, au mchana kama gari liko nyumbani. Mchana wa kipwa ndio wakati mzuri kuliko wote, kwa kuwa majirani wako kazini, volteji iko juu, na betri imepata joto. Kisanduku chako kikiwa na kitufe cha kuchagua ampea, jioni weka 6 au 8. Stabilizateri, mashine ya kutuliza volteji, inasaidia, ila iwe kubwa kuliko mzigo: kwa chaji ya wati 2,200 usinunue chini ya kVA 5, kwa sababu volteji ikishuka mashine hiyo huvuta ampea zaidi kutoka kwenye laini ili kufidia. Waya zako zikiwa nyembamba, stabilizateri itazichemsha zaidi.

Umeme ukikatika, chomoa kisanduku. Ukirudi, subiri dakika 10 kabla ya kuchomeka, maana dakika za kwanza volteji hupanda na kushuka vibaya.

Nne: prizi na ralonji

Prizi ya kawaida imeandikwa ampea 16, lakini haikutengenezwa kubeba ampea 16 kwa muda wa saa nane mfululizo. Ichajie kwa 10 au chini yake. Baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa kwa nje kifuniko cha prizi na plagi. Uvuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha kiganja hapo, zima kwenye disjonkteri, fungua, na utafute plastiki iliyogeuka kahawia. Prizi iliyoungua haisafishwi, inabadilishwa, na kipande cha waya kilichoungua kinakatwa mpaka shaba ing'ae.

Ralonji, ile kebo ya kurefusha umeme, ningependa usiitumie kabisa. Kama huna njia, hesabu hii ikuongoze: ralonji ya mita 50 yenye waya wa milimita 1.5 za mraba, ikibeba ampea 10, inapoteza karibu volti 12 na kutoa joto la karibu wati 120. Ikiwa imetandazwa, joto linatawanyika. Ikiwa imezungushwa kwenye bobini yake, linakusanyika katikati na kuyeyusha plastiki usiku mmekwisha kulala. Tandaza yote, tumia waya wa milimita 2.5 ulio wa shaba kweli. Kuna waya sokoni za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani, acha.

Plagi za kebo kutoka Japani hukatwa hapa na kubadilishwa. Soma kwanza maandishi ya kisanduku: kama kinasema volti 100 tu, kisiguse laini yetu. Kama kinasema 200, mwambie fundi ahakikishe kwamba waya wa ardhi umefungwa kwenye plagi mpya. Waya huo husahauliwa mara nyingi, kisha unatafutwa kosa nje wakati liko mkononi.

Tano: bunduki, vumbi, umande

Bunduki isipoingia mpaka isikike "klik", gari linadhani hujamaliza kuchomeka na halianzi. Vumbi la kipwa likijaa chini ya ulimi wake, au plastiki ikikakamaa kwa baridi, ulimi unabaki juu. Safisha kwa brashi kavu na hewa, umeme ukiwa umezimwa. Usitie mafuta ya aina yoyote, yanakusanya vumbi zaidi. Itundike ikitazama chini, na kifuniko chake.

Diferansieli (swichi inayokata umeme unapovuja) ikiruka alfajiri tu na kukaa vizuri mchana, shuku umande ulioingia kwenye kisanduku au kwenye bunduki. Kihamishie chini ya paa, mahali penye hewa. Mfuko wa plastiki unaharibu zaidi, kwa sababu unafungia unyevu ndani.

Sita: gari lenyewe

Kama nyumba imepita vipimo vyote, gari lina mambo mawili ya kuangalia kabla ya gereji.

La kwanza ni taima. Mwenye gari wa Japani huenda aliweka chaji ianze saa tano za usiku, na saa ya gari bado iko kwenye saa za Japani, zilizotangulia Lubumbashi kwa saa saba. Gari lako basi linasubiri saa kumi za jioni, na wewe umelichomeka usiku. Kwenye Leaf, taa tatu za buluu juu ya dashibodi humweka moja baada ya nyingine likiwa linasubiri taima. Futa taima kwenye menyu, au bonyeza kitufe chake kwenye dashibodi, kisha urekebishe saa.

La pili ni betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi za betri kubwa. Ikiwa dhaifu, gari zima linaonekana limekufa ingawa betri kubwa imejaa. Betri ya risasi ndiyo inayoonewa kweli na baridi: iliyozeeka ikapita mwezi wa tano, huanguka asubuhi ya mwezi wa saba. Pima gari likiwa limezimwa kwa saa chache. Volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12 imekwisha. Kuibadilisha ni kazi ndogo, na bei yake hailingani hata kidogo na ile ya betri kubwa.

Ukiona chaji inaanza kwa kasi ndogo asubuhi na kuongezeka gari likishatembea, au breki ya kurudisha umeme ikiwa dhaifu kilomita za kwanza, hiyo ndiyo baridi yenyewe. Magari yenye betri za fosfati ya chuma huonyesha hali hii zaidi kuliko zile za nikeli na kobalti. Jua likipanda, inaisha.

Kikibaki chochote baada ya hapo, omba kwanza kuazima kisanduku cha mtu mwingine na ukijaribu kwenye prizi yako uliyoipima. Gari likichaji, tengeneza kisanduku chako. Lisipochaji, nenda kwa fundi wa magari ukiwa na picha ya taa zinazomweka, namba za volteji za saa mbili na saa tisa za usiku, kipimo cha ardhi kwa omu, na volti za betri ndogo. Akitaka kufungua betri kubwa kabla ya kuzisoma namba hizo, tafuta fundi mwingine.